Pumba zimeganda, banda linachoma macho: nibadilishe matandiko?

*“Shikamoo daktari. Nafuga kuku wa nyama Chanika, hili ni kundi langu la tatu. Niliingiza vifaranga 300 mwishoni mwa Machi, banda ni mita 4 kwa 6, sakafu ya saruji. Makundi mawili ya kwanza nilitandika maranda kutoka kwa fundi seremala na yalienda vizuri. Safari hii maranda yalikosekana, nikanunua pumba za mpunga. Leo kuku wana siku 26. Banda linanuka mpaka machozi yananitoka, pumba zimeganda kama mkate kuzunguka vyombo vya maji, kuku wengi wanakaa tu, na chini ya nyayo wana alama nyeusi. Wamekufa 17. Jirani alinishauri ninyunyize chokaa na majivu. Nimefanya hivyo mara mbili, harufu imezidi. Nimewapa na antibiotiki ya OTC siku 3. Mvua ni kila siku, usiku nashusha maturubai pande zote wasipigwe na baridi. Je, ni kweli pumba za mpunga zinaleta magonjwa? Nizitoe zote nirudishe maranda sasa hivi, au nisubiri niuze? Na hizi pumba zinaweza kutumika kwa kundi linalofuata?”*

Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri, na umenipa vipimo ambavyo wafugaji wengi huvisahau, kwa hiyo naweza kukujibu bila kubahatisha sana. Nitangulize jambo moja la kufanya usiku huu kabla hujaendelea kusoma: usiyafunge maturubai mpaka juu. Acha uwazi wa nusu mita juu, pande zote mbili ndefu za banda. Sababu utaiona hapo chini.

Unadhani kosa lako ni kuhama kutoka maranda kwenda pumba. Naelewa, maana hicho ndicho kitu pekee unachokumbuka kukibadilisha. Lakini kuna kingine kilichobadilika ambacho hukukihesabu. Unaniandikia katikati ya masika, na kundi hili zima limekulia kwenye mvua. Kama makundi yale mawili uliyafuga kwenye miezi mikavu, basi hata maranda yale yale, kwenye banda lile lile, kwa majira haya yangekuletea taabu inayofanana na hii. Pumba za mpunga hazina ugonjwa ndani yake zikiwa kavu na hazina ukungu. Zinatumika kwa kuku wa nyama kila mahali panapolimwa mpunga, kuanzia Mbarali na Ifakara hadi Mwea kule Kenya.

Sasa tuhesabu maji, kwa sababu suala lote liko hapo. Kuku wa nyama hunywa maji karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na kwa joto la Dar es Salaam huzidisha. Kuku wako 283 waliobaki, kwa umri wa siku 26, wanakunywa kama lita 70 hadi 80 kwa siku. Hizo ni karibu ndoo nne za lita 20. Sehemu ndogo hubaki mwilini ikawa nyama. Nyingine hutoka kwa pumzi kama mvuke, na nyingi hudondoka chini pamoja na kinyesi. Kwa maneno mengine, kila siku kuku wako wanamwaga ndoo kadhaa za maji juu ya sakafu ya mita za mraba 24, hata kama hakuna chombo hata kimoja kinachovuja.

Ndiyo maana nawaambia wafugaji wasiyafikirie matandiko kama godoro. Matandiko yana kazi mbili. Yanapaswa kunywa maji ya kinyesi haraka, kisha kuyaachia yapande hewani yatoke nje. Watu huangalia kazi ya kwanza tu wanapochagua cha kutandika. Ile ya pili inategemea upepo unaopita bandani, na upepo huo wewe umeufunga kila usiku kwa maturubai. Mvuke ukikosa pa kutokea hurudi chini, na asubuhi unakuta pumba zina maji kuliko jana.

Harufu inayokutoa machozi ni amonia. Mkojo wa kuku hautoki kama wa ng'ombe. Ni ile sehemu nyeupe ya kinyesi, asidi ya yuriki. Ikikaa pakavu haina shida. Ikipata unyevu na joto, bakteria huivunja ikawa amonia. Kuna kitu cha tatu kinachoamua amonia hiyo itoke kwa kasi gani, nacho ni ukali wa matandiko: yakiwa na asidi kidogo, amonia hubaki imefungwa ndani, yakiwa na alkali, inaachiliwa hewani.

Hapo ndipo ushauri wa jirani yako ulipokuumiza, ingawa najua alikuwa na nia njema. Chokaa ni alkali kali. Majivu nayo ni alkali. Ulipoyanyunyiza juu ya kinyesi kibichi uliifungulia mlango amonia iliyokuwa imejifunga, ndiyo maana pua yako ikakuambia ukweli: harufu imezidi. Tena chokaa inachoma nyayo zilizokwisha kulainika na kuingia machoni mwa kuku wanaochakura. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu nalikuta karibu kila mwezi, na hata baadhi ya wauza dawa wanalishauri. Chokaa ina nafasi yake. Ipake kwenye sakafu na kuta baada ya kuuza kundi, banda likiwa tupu na limeoshwa, na iachwe ikauke kabisa kabla ya kutandika. Kukiwa na kuku ndani, hapana. Huko Marekani wafugaji wakubwa hufanya kinyume chake kabisa: hunyunyiza vitu vya asidi kama alumini salfeti, jamaa ya shabu tunayosafishia maji, ili kuifunga amonia. Sikushauri ukaitafute, maana kwa banda la kuku 300 lenye kuta za wavu, hewa na ukavu vinatosha na havina gharama.

Amonia inamfanya nini kuku? Ndani ya koo lake la hewa kuna vijinywele vidogo mno vinavyofagia vumbi na vijidudu kuvirudisha juu. Amonia huvilemaza. Vikishalala, bakteria wa kinyesi waliokuwa wanafagiwa nje hushuka hadi kwenye mapafu na mifuko ya hewa, na hapo ndipo unaposikia mikoromo na kuanza kuokota mizoga. Macho nayo hufura, kuku akayafumba, akashindwa kukitafuta chakula. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya mwaka 2007 ya ustawi wa kuku wa nyama, unataka mabanda yenye msongamano mkubwa yasivuke sehemu 20 za amonia katika milioni moja za hewa, ikipimwa usawa wa kichwa cha kuku. Sisi hatuna vipimo hivyo mabandani, lakini macho yako yakianza kuwasha, mara nyingi umeshapita hapo. Na wewe unavuta hewa ya mita moja na nusu juu, ilhali kuku anavuta ya chini kabisa, sentimita chache kutoka kwenye kinyesi. Chutama usawa wao dakika mbili, asubuhi kabla hujafungua turubai. Usisubiri mpaka umekaa ndani saa nzima, kwa sababu pua huzoea ikaacha kukuonya.

Kuhusu alama nyeusi za nyayo. Hivyo ni vidonda. Ngozi ya unyayo ikikanyaga unyevu siku nyingi hulainika kama vidole vya mtu aliyefua mchana kutwa, kisha kemikali za kinyesi huila, ikaota kigaga cheusi. Maji peke yake yanatosha kuanzisha kidonda hicho, hata bila bakteria yeyote. Mkamate kuku mmoja uangalie pia nyuma ya kifundo cha mguu, pale anapokalia akichutama, na kidarini. Ukikuta wekundu au ukahawia huko, ujue anakaa mno. Kuku wa nyama wa wiki ya nne ni mzito kwa miguu yake na hutumia zaidi ya nusu ya siku amelala, hivyo matandiko kwake ni kitanda, sakafu na uwanja. Kidonda kinamuuma. Anayeumwa mguu haendi kwenye chakula mara nyingi inavyopasa, analala zaidi, kidonda kinazidi. Utaliona kwenye mizani, na utaliona kwa wanunuzi wa miguu pia, kwa sababu miguu yenye vigaga haichukuliwi.

Nami sioni aibu kusema kwamba hata kama mizani isingeonyesha chochote, lingenihusu. Kuku aliyetandikiwa pakavu palipo laini huchakura, hujichimbia, huoga vumbi akitikisa mabawa, hata huyu wa nyama tunayemwona mvivu. Anaishi wiki tano au sita tu. Kuzipitisha juu ya mkate wa kinyesi ni mateso ambayo tunaweza kuyazuia kwa kazi ya nusu saa kwa siku.

Basi tufanye nini leo? Usitoe pumba zote. Ukivuruga banda zima mara moja kuku wakiwa ndani utaachia wingi wa amonia na vumbi, utawatia kuku hofu na joto, kisha utawalaza juu ya saruji yenye ubaridi na unyevu. Toa mabonge tu. Subiri saa nne asubuhi, maturubai yakiwa wazi na kuna upepo, anza kuzunguka vyombo vya maji, ondoa kila kilichoganda mpaka kwenye saruji, upakie kwenye viroba na kuvitoa nje kabisa. Pale palipobaki wazi jazia maranda au pumba kavu. Usijazie juu ya mkate bila kuutoa. Wengi hufanya hivyo kwa sababu banda linapendeza kwa siku mbili, kumbe unyevu umefunikwa na unaendelea kuchemka chini. Sehemu ambazo bado ziko huru, zigeuze kidogo kidogo kila siku kwa reki, wakati wa hewa ya kutosha, kamwe si usiku.

Kisha vyombo vya maji. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye banda moja Kibaha ambako mwenye kuku alikuwa amebadilisha matandiko mara tatu ndani ya wiki mbili. Vyombo vyake vilikuwa vimekaa chini kabisa, kama alivyoviweka siku ya vifaranga. Kuku wa kilo moja na nusu walikuwa wanaviparamia, wanavipiga kifua, maji yanacheza. Tuliviinua juu ya vipande vya mbao mpaka ukingo ukalingana na mgongo wa kuku, na siku ya nne nilipopita pale sakafu ilikuwa imekauka nusu yake. Inua vyako leo, na uviinue tena kila baada ya siku nne au tano kadiri wanavyokua. Usivijaze pomoni.

Baridi unayoiogopa, kwa umri wao, haipo. Kifaranga wa siku ya kwanza anahitaji joto, ndiyo, na matandiko yenyewe yanapaswa kuwa yamepashwa hadi nyuzi 28 au 30 kabla hajashushwa. Lakini kuku wa siku 26 anaridhika na nyuzi 22 hadi 24, na usiku wa masika hapa Dar haushuki sana chini ya hapo. Tena hao 283 wanatoa joto lao wenyewe. Shida ni namna tunavyofunga maturubai: tunayaning'iniza juu, tukitaka hewa tunayakunja kutoka chini, upepo unampiga kuku moja kwa moja, tunaogopa, tunashusha yote. Geuza. Funga turubai chini kwenye ukuta, na liwe linafunguka kuanzia juu. Mvuke wa joto hupanda, utatoka kwa juu, na kuku hapigwi na upepo. Kama mvua inaingia kwa juu, tatizo ni upenu mfupi, na huo ni mradi wa kiangazi.

Nafasi nayo imebana. Una kuku karibu 12 kwa mita ya mraba. Kwa banda la wavu kwenye joto na unyevu wa pwani, mimi sipendi kuzidi 10, na wakati wa masika ningeshuka hadi 8 au 9. Kundi lijalo ingiza 220 kwenye banda hilo. Ukipata mnunuzi wa kuku wadogo wa kuchoma, kupunguza kundi hili mapema kutawasaidia waliobaki kuliko gunia lolote la maranda. Lakini uliwapa OTC, kwa hiyo soma lebo na uhesabu siku za kusubiri kabla kuku yeyote hajaenda sokoni. Mlaji hapaswi kula dawa yako.

Sina uhakika OTC ilikuwa na kazi hapo, na hapa nakuja kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi ya harufu. Unyevu, joto na umri wa wiki ya tatu hadi ya tano ndiyo hali inayopendwa na koksidia, ule ugonjwa wa kuhara damu. Mayai ya vimelea hivyo hutoka na kinyesi yakiwa hayana madhara, na yakikuta matandiko mabichi yenye joto hukomaa ndani ya siku moja au mbili, kuku akayadonoa, yakazaana utumboni. Kwenye matandiko makavu mengi hayafiki huko. Kuhara huko kunalowesha matandiko zaidi, kwa hiyo huwezi kujua kwa macho kama unyevu ulileta ugonjwa au ugonjwa uliongeza unyevu. OTC hupiga bakteria, na kwa koksidia haisaidii. Zinahitajika dawa zake, kama amproliamu, na kipimo chake apange aliyeona kuku.

Kwa hiyo chunguza asubuhi: kinyesi chenye damu au rangi ya ugoro, mabawa yaliyoning'inia, manyoya yaliyosimama, upanga wa kichwani uliopauka. Ukiona hata kimoja, au vifo vikizidi vitatu kwa siku, usisubiri jibu la mtandaoni. Mwite afisa mifugo wa kata yako, au peleka mizoga miwili mitatu ya siku hiyo hiyo, kwenye chombo chenye barafu bila kugandishwa, Wakala ya Maabara ya Veterinari pale Temeke. Kuku akipasuliwa utumbo huongea ndani ya dakika kumi. Nenda pia kama wanapumua midomo wazi huku hakuna sauti ya mkoromo: huo unaweza kuwa ukungu wa mapafu, unaotokana na matandiko yaliyooza kabla hata hujayanunua, na hauna dawa ya maana kwa kundi.

Na chakula? Hukusema unanunua au unachanganya mwenyewe. Kama unachanganya na unatia dagaa, onja dagaa hao. Chumvi ikizidi, kuku hunywa kupita kiasi, na kinyesi chake hakikauki kwenye matandiko yoyote yale.

Sasa swali lako la maranda au pumba kwa siku zijazo. Kwangu maranda makubwa makavu bado yanaongoza, kwa sababu hunywa maji mengi na kuyaachia vizuri. Lakini chunguza yanakotoka. Usichukue ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye ukijani, kwani dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromu na aseniki, na kuku hudonoa matandiko. Usichukue vumbi la mbao za kiwandani zilizoshindiliwa kwa gundi. Na usikubali kuuziwa unga laini wa msumeno kwa jina la maranda: vifaranga huula ukawajaa kwenye firigisi, vumbi lake huingia mapafuni, na ukilowa huganda kama ugali. Pumba za mpunga hunywa maji kidogo kuliko maranda, hilo ndilo udhaifu wake, ila ni nyepesi, hupitisha hewa na hukauka haraka ukizigeuza. Masika ningechanganya nusu kwa nusu. Unene wa sentimita 5 hadi 8 unatosha kwa Dar. Njombe au Mbeya ningesema 10.

Mchanga safi wa mto nao unafaa kuliko watu wanavyodhani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, waliulinganisha na maranda ya msonobari na kuku wakakua vizuri vile vile au zaidi. Ila ni wa baridi kwa vifaranga, lazima uupashe moto mapema, na usichote wa baharini kwa ajili ya chumvi yake. Majani makavu yasiyokatwakatwa huganda upesi. Maganda ya karanga nayaogopa kwa ukungu. Magazeti ni ya siku ya kwanza tu, kwa kumwagia chakula, kwani yanateleza na kupanua miguu ya vifaranga.

Pumba hizi usizirudie. Wapo wanaofuga makundi kadhaa juu ya matandiko yale yale, Marekani ni kawaida, lakini kwa kundi lililokufa 17 bila kujua sababu, utakuwa unawatandikia wageni ugonjwa. Zirundike mbali na banda, funika, zigeuze mara mbili tatu. Rundo likichemka vizuri hupita nyuzi 55 ndani. Baada ya miezi miwili walima mchicha watazichukua kwa furaha. Wenye ng'ombe wakizitaka kwa kulisha, kataa, maana mzoga mmoja uliosahaulika humo unaweza kuua ng'ombe kwa sumu ya botulini.

Kuanzia kesho, kila asubuhi okota konzi ya matandiko katikati ya banda uibane. Yakishikana kama tonge, bado ni mabichi. Yakishikana kidogo kisha yakaachia ukifungua kiganja, yako sawa. Kamata kuku watano uangalie nyayo, uandike wangapi wana kigaga na wangapi wana ngozi mpya ya waridi inayoota pembeni. Niandikie siku ya nne na hesabu hizo, pamoja na idadi ya vifo vya kila siku.